Karani Aliyempeleka Rafiki Yake Makka

Watu wa Kreta, mji wa kale wa Aden, walimwita karani Ghalib Thabit "Mwenye Ubao", na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na babake. Ubao wenyewe ulikuwa ukutani nyuma ya meza yake pale makao makuu ya polisi: misumari safu kwa safu, na kwenye kila msumari kibati alichokikata kwa mkono wake kutoka madebe ya samli, kimeandikwa jina la afisa mmoja. Kibati kikionyesha uso mweupe, bwana yupo kazini. Kikionyesha uso mwekundu, bwana yuko likizo kwao Uingereza, anakunywa pombe na kuwasimulia majirani habari za simba. Aden haina simba, lakini majirani watajuaje?

Maafisa wakubwa walikuwa kumi na wanne, wote Waingereza, na kila mmoja akishatimiza miezi ishirini na minne ya kuumwa na joto, alikuwa na haki ya miezi mitano ya kwenda kuumwa na baridi. Hapakuwa na siku ambayo polisi ile ilikuwa na wakubwa wake wote nchi kavu. Watatu wako melini, wawili wanafunga masanduku, mmoja amerudi jana na bado anatafuta miwani yake. Basi waliobaki wanawakaimu walioondoka, na wanaokaimu nao wana viti vyao vinavyotaka kukaimiwa, mpaka mwisho wa mnyororo unamkuta Mzungu mmoja kakalia viti vitatu kwa makalio mawili. Uliwahi kupita mwaka ambao bwana mmoja alishika vyeo vitatu kwa mpigo. Akawa anajiandikia barua na kujijibu, na mara moja alijiomba petroli ya ziada, akajinyima. Wiki nzima hakujisemesha.

Aliyeujua mnyororo huo pete kwa pete ni Ghalib. Mabwana walikuja wakaondoka. Yeye alikuwa pale miaka kumi na tisa, mfupi, msafi, kalamu sikioni, na kila tundu lilipotokea yeye ndiye aliyelipatia kizibo. Alijivunia hilo kama mwingine anavyojivunia ngamia wa mbio.

Kanuni ilikuwa fupi. Kiti kikibaki wazi, hukaliwa na aliye mbele kwa cheo na kwa tarehe kati ya waliopo siku meli inapong'oa nanga. Akishakaa, hatoki mpaka mwenyewe arudi. Kanuni haikusema akae Mzungu. Haikuwa na haja, kwa sababu miaka yote Wazungu walitosha kuziba kila tundu.

Mpaka mwaka ule. Bwana Trevitt, Mrakibu wa polisi wa mjini, alikuwa aondoke tarehe kumi Julai. Msaidizi wake wa kwanza alikuwa hospitali na nyonga iliyovunjika, maana alipanda ngamia kwenye mashindano ya hisani kule Shekhe Othman, na ngamia hakuwa na hisani. Wa pili aliazimwa na serikali ya Kupro, ambako mambo yalikuwa yamechemka. Ghalib akasimama mbele ya ubao, akahesabu, akahesabu tena, akafuta miwani, akahesabu mara ya tatu. Aliyefuata alikuwa Inspekta Haidara Muthanna.

Haidara na Ghalib walisoma chuo kimoja cha Kurani, wakachapwa na bakora moja. Haidara alikuwa mrefu, mwenye masharubu ya kuonewa wivu, na miaka ishirini na mbili ya kazi. Nusu ya kazi ya Trevitt alikuwa akiifanya yeye. Trevitt alikuwa na sahihi nzuri sana. Yaliyoandikwa juu ya sahihi yalikuwa ya Haidara. Akipata kukaa katika kiti kile kwa miezi mitano, na mji usiungue, hakuna ambaye angeweza tena kusema kwamba Mwarabu hakiwezi. Na wa nyuma yake wangepita mlango huo huo.

Siku hiyo hiyo alasiri Ghalib akampelekea habari. Walikuwa katika chumba cha juu cha Haidara, mito ukutani, mirungi mbele yao, na Sajini Abkar, mtu mnene asiyeweza kunyamaza, akiwa kakaa karibu na mlango kama kawaida ya wadogo kwa cheo.

"Haidara," akaanza Ghalib, "Julai una shughuli?"

"Shughuli gani? Nitakuwa hapa nakutazama unavyonimalizia majani yangu."

"Julai utakuwa Mrakibu."

Abkar alicheka mpaka akapaliwa. "Jamani, mirungi hii imetoka bonde gani? Sogezeni na huku!"

"Sitanii. Nimehesabu mara tatu. Mmoja kaangushwa na ngamia, mmoja yuko Kupro. Anayefuata ni wewe."

"Na yule mtoto mpya? Tolley?"

"Tolley Inspekta kama wewe, lakini ana miezi mitano tu. Wewe una miaka sita ya cheo. Kanuni ni kanuni, ndugu yangu."

Haidara akachukua jani, akalirudisha. Huko Kreta kila mtu anajua kwamba maneno ya saa tisa, mirungi ikiwa imepanda kichwani, hayashikwi saa kumi na mbili ikishashuka. Kwa hiyo akangoja mpaka watu wameishiwa maneno, kila mmoja kainama na mawazo yake, ndipo akauliza kwa sauti ndogo, "Ghalib. Kweli?"

"Wallahi."

"Basi Mama asisikie kwanza. Nataka anione nimekaa ndipo ajue."

Asubuhi ya pili Haidara, ambaye hakuwahi kushona nguo isipokuwa ya sikukuu, alikwenda kwa fundi Bahumaid kupimwa sare.

Siku ya nne Ghalib akaitwa na Naibu Kamishna.

Bwana Garside alikuwa mtu mwembamba, mpole, wa sauti ya daktari anayekaribia kukwambia mguu utakatwa. Kwa miaka yote Ghalib aliingia chumba kile akasimama, akasema lililomleta, akatoka kinyumenyume. Siku ile Garside aliinuka, akazunguka meza, akamvutia kiti kwa mkono wake mwenyewe.

"Keti, Bwana Thabit."

Bwana Thabit! Ghalib alikaa kwenye ncha ya kile kiti kama kuku juu ya waya. Chai ikaja. Na biskuti.

"Nimesikia habari za ubao wako," akasema Garside. "Haidara."

"Ndiye anayefuata, bwana."

"Mtu mzuri sana."

"Sana, bwana."

"Mwaminifu. Hodari. Anapendwa."

Ghalib akaanza kuingiwa na baridi. Mzungu akikusifu mara tatu mfululizo, ujue kaburi limeshapimwa.

"Mimi binafsi sina neno," Garside akaendelea, akikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Ila wapo watakaosema ni mapema. Pengine miaka kumi mapema. Hivi huyu mtu huwa hapumziki? Ana siku ngapi za likizo?"

"Mia mbili na nane, bwana. Hajaenda likizo tangu vita vilipokwisha."

"Maskini! Ingekuwa huruma kubwa kama angepata kupumzika. Julai, kwa mfano. Lakini mimi simlazimishi mtu. Si jambo la kuamrisha." Akatazama dirishani. "Basi tu, nawaza."

Hapa ndipo penye aibu yenyewe, na Ghalib hakuwahi kumsimulia mtu sehemu hii, hata mkewe. Hakutishwa. Hakuahidiwa cheo wala shilingi. Angehongwa walau angekuwa na la kujitetea nalo. Kilichotokea ni kwamba kichwa chake, kilichozoea miaka kumi na tisa kuziba matundu, kililiona tundu likazibika lenyewe, na mdomo ukafunguka kabla moyo haujaamka.

"Hijja, bwana," akasema. "Mwaka huu Hijja ni Julai. Na ana mama mzee."

Garside akageuka taratibu. Akatabasamu. "Bwana Thabit," akasema, "wewe ni hazina ya idara hii."

Akatoka pale akiwa na biskuti mbili mfukoni, hakumbuki ameziweka saa ngapi. Njiani akampa mbuzi mmoja. Mbuzi akala ya kwanza, ya pili akaitema.

Siku mbili hakulala vizuri. Siku ya tatu, baada ya sala ya Ijumaa, akamvuta Haidara kwenye mgahawa wa chai ya maziwa karibu na msikiti.

"Mama Saada hajambo?"

"Magoti tu. Na malalamiko. Jana kaniambia atakufa bila kuiona Kaaba, na kosa litakuwa langu."

Unaona? Hata hakuhitaji kutega. Ndege alikuja na kamba yake mwenyewe.

"Kwa nini usimpeleke mwaka huu?"

Haidara akaweka kikombe chini. "Mwaka huu? Wewe ndiye uliyeniambia Julai!"

"Imebadilika. Trevitt kaahirisha, ila hataki isemwe bado. Anaondoka Oktoba."

"Oktoba? Mzungu gani huenda kwao kutafuta baridi?"

"Anataka kula Krismasi na mama yake," akasema Ghalib, na ulimi wake haukukwama hata kidogo. "Kila mtu ana mama yake, Haidara. Nenda, hiji, rudi Agosti umetakasika, Oktoba unakaa kwenye kiti ukiwa Haji. Una likizo ya kutosha kuhiji mara tatu. Fomu nitakuandikia mimi, wewe utatia sahihi tu."

Haidara alimtazama kwa macho ambayo Ghalib angetoa mshahara wa mwaka asiyaone tena: yalikuwa yamelowa. "Ghalib," akasema, "watu wana ndugu wa tumbo moja wasiokuwa na fikra kama hii."

Na Ghalib akamlipia chai.

Mama Saada alipoambiwa, hakungoja Magharibi. Alipanda darini na magoti yake hayo hayo mabovu, akawatangazia majirani wa mashariki, kisha akahamia upande wa magharibi. Kufikia kesho yake mtaa mzima ulikuwa umemtuma salamu kwa Mtume, na nyumba ilikuwa inapakwa chokaa. Habari ya Hijja ikishatoka mdomoni mwa mama haina pa kurudi. Ghalib aliliweka hilo katika hesabu zake, kama alivyoweka kila kitu.

Siku moja kabla ya meli ya mahujaji kuondoka, mlango wa Ghalib ukabishwa. Alikuwa na mkewe Nuriya, anakula boga. Akafungua. Haidara alikuwa amesimama kizingitini, kanzu nyeupe, masharubu yamepunguzwa.

"Ingia, ndugu, mbona umesimama kama mdai?"

"Siingii. Nimekuja kutaka radhi." Hiyo ni ada, anayekwenda Makka huzunguka nyumba kwa nyumba kuomba asamehewe na kila aliyemkosea, maana haendi mtu kwa Mungu na deni la waja. Lakini Ghalib, aliyehesabu yote, hili hakulihesabu.

"Kama nimekukosea, Ghalib," akasema Haidara, na sauti yake ilikuwa kavu, "kwa tendo au kwa neno, hasa kwa neno, nisamehe kwa ajili ya Mungu."

Nuriya, nyuma ya pazia, akaguswa mpaka akapiga kite. "Msamehe, baba watoto! Mbona umenyamaza?"

Ghalib alikuwa na boga mdomoni. Alijaribu kulimeza, likagoma. Hapo alikuwa na nafasi. Maneno mawili tu yangetosha: *Usiende, nimekudanganya.* Lakini nyuma ya Haidara aliona punda ameshafungwa mizigo, aliona blanketi la Mama Saada, aliona uso wa Garside ukimwita hazina. Boga likashuka.

"Nimekusamehe," akasema. "Dunia na Akhera."

"Ahsante," akasema Haidara. "Ulikuwa mzigo."

Akaenda zake. Ghalib akarudi kwenye sinia, Nuriya akamtazama. "Watu wazuri hivi wamebaki wangapi?" akauliza. Ghalib akamwambia boga limezidi chumvi.

Tarehe kumi Trevitt akapanda meli. Kwa amri ya siku hiyo hiyo, akisaidiwa na ubao, na Hijja, na ngamia, Inspekta Tolley akawa Kaimu Mrakibu. Alikuwa na miaka ishirini na minne na ngozi ya pua iliyokuwa inabanduka. Hakuwa mtu mbaya. Wiki ya pili alisikia ngoma na vigelegele vikiteremka mtaani, akadhani ni maandamano, akamkamata bwana harusi na wapiga ngoma wake wote. Bwana harusi akalazwa rumande na wezi wa betri, na bibi harusi akarudi kwa baba yake na hina mikononi. Mji ukawaka. Maduka yakafungwa siku mbili. Wazee wakaja mpaka makao makuu na viatu vya sikukuu, na hapakuwa na wa kuongea nao.

Tolley akamwita Ghalib. Alikuwa amechoka, shati limelowa.

"Bwana Thabit, kila ninayemuuliza ananiambia mwulize Haidara. Sajini anasema Haidara, wazee wanasema Haidara. Yuko wapi huyo Haidara?"

"Likizo, bwana."

"Likizo? Wakati kama huu? Mpumbavu gani alimpa likizo?"

Ghalib akatazama viatu vyake. Mara ya kwanza katika maisha yake aliona vimechakaa.

"Sijui, bwana," akasema. "Nitaangalia faili."

Nje Sajini Abkar alikuwa amemngoja, kaegemea ukuta, anatafuna njugu. "Mwenye Ubao," akasema, "mpumbavu umempata?"

"Abkar, niache."

"Nakuacha. Nauliza tu. Maana mimi sisomi, lakini kalamu ya fomu ile ya likizo naijua. Ile ya wino wa zambarau. Iko moja tu hapa."

Mapema Agosti meli ikarudi. Haidara akaja kazini siku ya tatu, kanyoa kichwa, kakonda, jua limemkoza rangi. Polisi wakatoka vyumbani kumbusu mabega, "Haji! Haji!" Akapita mbele ya chumba cha Mrakibu, mlango uko wazi, Tolley yumo ndani kainama juu ya makaratasi kama mtu anayezama. Haidara akapiga saluti. Mkono ulikwenda sawasawa, ukarudi sawasawa. Kisha akaingia kwa Ghalib, akafunga mlango.

Ghalib akasimama. "Haji, Mungu aikubali..."

"Kaa."

Akakaa.

"Wewe unadhani nilijua lini?" Haidara hakukaza sauti. "Wiki moja kabla ya safari. Nilikwenda kwa fundi Bahumaid kumwambia sare isubiri mpaka Oktoba. Nikakuta anashona vyeo vya mabegani. Nikamwuliza, vya nani? Akasema, vya Bwana Tolley, vinatakiwa tarehe kumi Julai bila kukosa, oda ya Naibu Kamishna. Basi nikajua. Hata kipofu angejua."

"Ulijua," akasema Ghalib, "na ukaenda?"

"Ningefanyaje? Mama alikuwa ameshauza bangili. Ameshaaga mtaa mzima. Ningemwambia nini, fungua mizigo, mwanao anataka kiti? Wewe hesabu zako huwa hazikosi, Ghalib. Uliijua nyumba yangu kuliko mimi."

Ghalib akawa hana mahali pa kuweka mikono.

"Siku tatu nilizunguka mji nikikutukana. Kwa Abkar, kwa kinyozi, kwa fundi, kwa watu wa gati. Nilisema maneno ambayo hayasemwi hata kwa punda. Mpaka imamu akaniambia, wewe huyu unamsengenya nawe unakwenda kuhiji? Rudi kamtake radhi. Ndiyo nikaja." Akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Nilisimama mlangoni kwako nikiomba Mungu unikatalie. Ungenikatalia ningekuwa na haki ya kukuzaba kofi, kisha ningekwenda zangu na moyo mwepesi. Ukanisamehe! Dunia na Akhera!"

"Haidara, nisamehe mimi. Nitakwenda kwa Garside, nitamwambia kila mtu, nitasimama uwanjani..."

"Utamwambia nani? Mji mzima unajua. Niliwaambia mwenyewe, sikwambii nilizunguka siku tatu? Ni mmoja tu asiyejua." Haidara akainama juu ya meza mpaka masharubu yakakaribia uso wa Ghalib. "Mama. Yeye amerudi na nuru usoni. Anaamini alikwenda kwa sababu Mungu alimwita, na kwamba wewe ndiye uliyeletwa uwe sababu. Siku akijua kwamba alifanywa kamba ya kumvutia Mzungu kiti, Hijja yake imeharibika, naye hana umri wa kurudi. Sikusamehe, Ghalib. Sikulaumu pia, nimechoka. Nataka jambo moja tu. Mama asijue. Na Alhamisi ni karamu ya kurudi kwetu, kakutaja kwa jina. Utakuja, utakula."

"Sitaweza."

"Utaweza. Uliweza mengine."

Alhamisi mchana Ghalib akavaa kanzu ya Idi. Nuriya alimtia udi mpaka kwenye masikio. "Leo siku yako," akasema. Alikuwa na fahari nayo, maskini, kwa kuwa hata yeye hakuna aliyemwambia.

Chumba cha juu kilijaa. Abkar alikuwapo, na imamu, na kinyozi, na fundi Bahumaid, na watu wa gati, na polisi ishirini hivi. Ghalib akaingia. Mazungumzo yakakatika, kisha yakaanza tena yote kwa pamoja, kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyopaswa. Akataka kukaa karibu na mlango, miongoni mwa viatu.

"La, la!" akasema Haidara. "Mgeni wa heshima hakai na makobazi."

Akamshika mkono, akampitisha katikati ya magoti yote yale, akamkalisha kichwani mwa chumba, kwenye mto wa kulia kwake. Wali wa zurbian ukaletwa, na mwanakondoo mzima juu yake. Watu wakaosha mikono, wakasema bismillahi. Haidara akabandua nyama ya shavu, ile laini kabisa, akaiweka mbele ya Ghalib.

"Kula, Mwenye Ubao."

Akala. Kinyozi alikuwa anamtazama. Fundi alikuwa anamtazama. Abkar, kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa, alikuwa amenyamaza, na ukimya wake ulikuwa na kelele kuliko maneno yake yote.

"Bwana Tolley hakuja?" akauliza mtu wa gati, bila kumlenga mtu.

"Kaogopa," akasema kinyozi. "Kasikia kuna shughuli."

Cheko likapita chumbani, likafika kwa Ghalib likamvuka. Akatia tonge jingine. Wali ulikuwa mzuri, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Ndipo pazia la mlango wa ndani likasogea, Mama Saada akatokea kwa wanaume, mdogo, mweupe kwa nguo zake, anaongozwa na fimbo. Umri wake ulimruhusu.

"Yuko wapi Ghalib wangu?" akauliza. Macho yake hayakuwa mazuri, na masikio yalikuwa yamepita macho kwa ubaya.

"Yuko hapa, Mama," akasema Haidara. "Kulia kwangu."

Akasogea. Ghalib alijaribu kuinuka, mkono wa Haidara ukambonyeza bega, akabaki chini. Bibi akaweka kiganja chake juu ya kofia ya Ghalib, na kiganja kile hakikuwa na uzito wowote.

"Nisikilizeni," akasema, "ninyi mlio polisi na mlio watu. Mwanangu huyu ana marafiki wengi, wote wanamkumbuka wakati wa mirungi. Mmoja tu ndiye aliyekumbuka kwamba ana mama. Mimi kule nilipolishika pazia la Kaaba sikuomba mali, sikuomba umri. Nilimtaja huyu. Nikasema: Ee Mola, Ghalib bin Thabit aliyenileta hapa, mlipe kadiri ya nia yake. Usizidishe, usipunguze. Kadiri ya nia yake tu, maana nia yake wewe waijua."

Watu hamsini wakatazama wali. Abkar akakohoa ndani ya leso. Imamu akafumba macho, na midomo yake ikawa inacheza kama ya mtu anayezuia kitu.

"Haya, semeni amin," akasema Mama Saada.

"Amin!" wakasema wote, kwa nguvu ambayo haijawahi kusikika katika nyumba ile.

Bibi akainamisha kichwa, sikio moja kuelekea chini. Kiganja chake hakikuondoka. "Sauti ya Ghalib sijaisikia."

Chumba kikangoja. Haidara alikuwa anabandua nyama, polepole, hamtazami mtu.

"Amin," akasema Ghalib.

"Sikusikia, mwanangu. Masikio yangu haya..."

Ghalib akainua uso, akawaona wote.

"Amin, Mama," akasema kwa sauti kubwa.